Fundi Anajibu: Plagi za Gari Lenye Tabo na Oili ya Difu

SWALI: Fundi, shikamoo. Mimi ni mwalimu, ninaishi Nzuguni hapa Dodoma, na ninatumia Subaru Forester yenye tabo, injini ya lita 2.0, giaboksi ya otomatiki. Nikitoka Igunga kuwaona wazazi, gari linamisi (linakatakata nguvu) kila ninapoupanda mlima Sekenke, lakini nikishafika juu na kuelekea Singida linatulia kabisa. Fundi wa mtaani kwetu anataka kufunga plagi za gari la kawaida na kuzipanua gepu (mwanya ambao cheche huruka) ili cheche iwe kubwa. Pia, wakati wa mvua nilivuka korongo lenye maji mengi, na tangu hapo difu ya nyuma (boksi la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu) inanguruma nikikata kona. Anasema ataongeza humo oili ya giaboksi aliyobakiwa nayo. Je, nimruhusu?

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Usimruhusu, kwa yote mawili. Amelenga mahali sahihi kwa upande wa plagi, kwa kuwa gari linalomisi likiwa na mzigo na kutulia kwenye tambarare mara nyingi linadai cheche, lakini dawa aliyokuandikia itauzidisha ugonjwa.

Kazi ya tabo ni kushindilia hewa ndani ya silinda, na hewa iliyoshindiliwa huuzuia umeme kupita, hivyo koili, kifaa kinachoipa plagi umeme, hulazimika kutoa volti nyingi zaidi ili cheche iruke mwanya uleule. Ukitembea taratibu, tabo haina kazi kubwa na hata plagi iliyochoka inamudu. Ukikanyaga mafuta Sekenke, mgandamizo unapanda, na plagi ambayo ncha zake zimelika hadi mwanya umepanuka inashindwa kurusha cheche. Kuipanua gepu zaidi ni kuiongezea mlima. Kwa Subaru zenye tabo gepu inayotakiwa ni kati ya milimita 0.7 na 0.8, na ipimwe kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya), plagi moja baada ya nyingine, hata kama zimetoka dukani leo. Kama ni za iridiamu (metali ngumu inayowekwa kwenye ncha), anayerekebisha auguse mkono wa pembeni wa plagi peke yake, kwa sababu ncha ya katikati ni nyembamba na huvunjika kirahisi.

Jambo la pili ni joto la plagi. Injini yenye tabo inahitaji plagi inayotoa joto haraka kwenda kwenye kichwa cha injini, ile ambayo mafundi huiita plagi baridi, kwani plagi moto hubaki na wekundu unaoweza kuwasha mafuta kabla ya wakati wake na kutoboa pistoni. Hapa wengi hujichanganya na namba: kwa NGK na Denso namba ikipanda plagi inazidi kuwa baridi, ilhali kwa Bosch ni kinyume chake. Nunua ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari lako, na ununue zote nne.

Injini ya Subaru imelala, silinda 1 na 3 zikiwa kulia, 2 na 4 kushoto, kwa hiyo plagi zinatazama ubavuni mwa gari na mkono hauingii kwa urahisi. Kulia kwa kawaida huondolewa boksi la kichujio cha hewa, kushoto betri na tangi la maji ya kioo. Kazi hii ifanyike injini ikiwa imepoa, kwa kuwa kichwa chake ni cha alumini na nyuzi za tundu la plagi hung'oka zikifunguliwa moto. Ninakuomba usimame hapo wakati fundi anang'oa koili, umulike tochi ndani ya kila tundu. Kwa vumbi letu la Dodoma utakuta mchanga mwekundu umekaa kuizunguka plagi, na plagi ikifunguliwa kabla ya kuupuliza kwa hewa, wote utaingia kwenye silinda. Plagi mpya ianze kuzungushwa kwa mkono mpaka ikae, kisha ikazwe kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza), takriban nyutoni mita 20. Asipake grisi kwenye nyuzi. Nyuzi zikiteleza, plagi hukazwa kupita kiasi bila mkazaji kujua. Na kama gari litaendelea kumisi baada ya hapo, ndipo mtazame koili.

Sasa difu. Ulipovuka korongo, difu ilikuwa na moto wa safari ikakutana na maji baridi. Hewa iliyo ndani ilisinyaa, na palipo na sili (mpira wa kuzuia uvujaji) iliyochoka maji yalivutwa ndani. Oili yake ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, basi ndivyo ilivyokuwa. Meno ya difu ya nyuma husagana huku yakiteleza kwa shinikizo kubwa, na oili ya giaboksi ya otomatiki haina dawa ya kuvumilia shinikizo hilo. Inayotakiwa ni oili ya gia ya daraja la GL-5, 75W-90, na difu yako ya nyuma inachukua takriban lita 0.8 tu. Kuongeza juu ya oili iliyoingia maji hakusaidii, yote imwagwe.

Gari liwe sawasawa, limetembea kidogo ili oili ilegee, na nati ya juu ya kujazia ifunguliwe kabla ya ile ya chini. Hili ninalisisitiza kwa sababu nati ya juu ikigoma wakati oili imeshamwagika, gari halitembei tena. Nati ya chini ina sumaku: ikishika tope laini la kijivu kama masizi yaliyolowa, huo ni mchakao wa kawaida, ukiona vipande vya chuma, difu ifunguliwe. Baada ya kufunga chini, ijazwe mpaka oili ianze kuchuruzika kwenye tundu la juu.

Gari lako lina difu ya mbele pia, yenye oili yake na kijiti chake cha kupimia, na nati yake iko nyuma ya ile ya sampu (bakuli la oili) ya injini. Tumewahi kuletewa gari ambalo fundi alimwaga oili ya difu hiyo akidhani ni ya injini, kisha akajaza injini juu ya oili iliyokuwemo. Difu ilikuwa imeungua, na mwenye gari alikuwa amelipia huduma kamili. Kila baada ya huduma, vuta vijiti vyote mwenyewe kabla ya kuwasha.

Ikiwa mngurumo utabaki hata ukiwa na oili mpya, mfanye fundi apime beringi za magurudumu ya nyuma, ambazo kwenye magari haya hulia sauti inayofanana na ya difu. Alinganishe pia matairi: gari linalovuta magurudumu yote manne likifungwa matairi yaliyolika kwa viwango tofauti, difu hufanya kazi bila kupumzika. Ukishatembea kilomita 1,000, fungua tena nati ya juu ya difu ya nyuma na uchomeke kidole. Kikitoka na weupe wa maziwa, maji bado yanapata njia, na sili zibadilishwe kabla ya mvua za Desemba.