Triathloni fupi kwa anayeanza kuogelea

Dada, umeuliza kama utaweza kumaliza triathloni fupi hapa Kisumu ilhali umejua kuogelea juzi tu. Utaweza. Mimi nilishiriki ya kwanza kabla sijatimiza mwaka tangu nijifunze.

Ni mita 750 majini, kilomita 20 za baiskeli, halafu mbio za kilomita 5. Sisi tuliogelea bwawani, maana ziwani kuna kichocho na gugumaji. Bwawa la mita 25 unalikata mara 30. Anza polepole, waache wenye kasi waende. Baiskeli haikunisumbua, ila kunywa maji ukiwa bado juu yake, jua la Kisumu unalijua.

Kinachotesa ni kushuka baiskelini na kuanza kukimbia. Vidole vilinitetemeka hadi kamba za viatu zikanishinda, nikapiga goti kwenye lami kuzifunga upya. Kilomita ya kwanza mapaja yalikuwa mazito kama magunia ya mahindi. Ya pili yakafunguka. Kwa hiyo kila ukitoka kuendesha, kimbia dakika 10 papo hapo, kabla hujakaa. Na utie kamba za mpira viatuni, tafadhali.

Nilipovuka mstari nililia kwa furaha. Nakuombea nawe ulie hivyo.