Maswali ya Wasomaji: Mtengenezaji wa Pikipiki Anatafuta Nini Angani?

Tangu safu hii itaje roketi ya majaribio ya kampuni ya Honda, ambayo tarehe 17 Juni 2025 iliruka na kutua yenyewe katika mji mdogo wa Taiki, kisiwani Hokkaido, Japani, tumepokea barua nyingi kutoka Malindi na Lamu. Tumechagua nne za kujibu.

Mhariri, salamu. Mimi ni fundi wa pikipiki hapa Maweni, Malindi. Honda tunaijua kwa pikipiki, jenereta na pampu za maji. Kuingia kwenye roketi si kutafuta sifa tu? Na injini ninayoifungua kila siku ina uhusiano gani na roketi?

Fundi, sifa zimo, na hakuna kampuni inayozikataa, lakini jambo hili halikuzuka jana. Mwaka 2021 Honda ilitangaza kwamba inachunguza roketi ndogo, na ikaeleza kuwa wazo lilitoka kwa wahandisi wake vijana, waliotaka kuutumia ujuzi wa kampuni katika uchomaji wa mafuta na uongozaji wa mitambo. Tena kampuni hii, iliyoanzishwa mwaka 1948, haijazoea kukaa katika kazi moja: mwaka 2000 ilionyesha roboti ya kutembea kwa miguu miwili iitwayo ASIMO, na mwaka 2015 ilianza kuwakabidhi wateja ndege yake ndogo ya jeti.

Katika injini yenyewe hutakuta pistoni. Injini ya pikipiki huvuta hewa ya nje ili mafuta yapate kuwaka, ilhali roketi hubeba oksijeni yake pamoja na mafuta, kwa kuwa inakokusudia kwenda hewa haipo. Kinachofanana ni ile kazi unayoijua vizuri ya kupima mafuta yaingie kiasi gani na kwa wakati gani, injini ipandishwe na kushushwa moto bila kumisi. Kwa maoni yangu, hata hivyo, nguvu kubwa ya mtengenezaji wa magari iko kiwandani, katika kutengeneza kitu kilekile mara elfu kwa ubora uleule na kwa gharama inayovumilika. Wenzake wameliona hilo pia: Geely ya China ilirusha setilaiti zake za kwanza mwaka 2022 kwa roketi ya China, na mwanzoni mwa 2025 Toyota, kupitia kampuni yake tanzu, ilitangaza kuwekeza katika kampuni ya roketi iliyoko palepale Taiki.

Assalamu alaikum. Mwanangu amenionyesha video ya roketi hiyo kwenye simu. Ilipanda, kisha ikashuka wima, mkia chini. Mbona haikupinduka? Nahodha, Matondoni, Lamu.

Waalaikumu salamu, Bwana nahodha. Wewe una njia fupi ya kulielewa jambo hili. Boti ya mashine inapokaribia gati wakati maji yanakwenda kwa nguvu, ukizima mashine umepoteza uongozi, kwa sababu ni msukumo wa rafadha unaokuwezesha kukielekeza chombo. Roketi inayoshuka polepole nayo huongozwa hasa na msukumo wa injini yake, ambayo huinamishwa kidogo huku na huku kila mwili unapotaka kulala upande. Kompyuta husoma mwinamo, kimo na kasi mara nyingi katika kila sekunde, ikasahihisha kosa kabla jicho la mtu halijaliona.

Ugumu zaidi uko kwenye uzito. Roketi ya Honda ina urefu wa mita 6.3 na kipenyo cha sentimita 85. Ikiwa tupu ina kilo 900, na ikiwa imejazwa ina kilo 1,312. Maana yake ni kwamba kadiri inavyoruka ndivyo inavyokuwa nyepesi, na msukumo ulioitosha wakati wa kupaa utaizidi wakati wa kutua, hata kuirudisha juu. Kwa hiyo injini sharti ipunguzwe nguvu kwa kipimo, ili kasi iishe pale ardhi inapoguswa, si mita tatu juu yake wala chini ya hapo. Itazame tena video hiyo uione miguu yake minne: inakunjwa baada ya kupaa, na kufunguliwa tena kabla ya kutua. Safari nzima ilichukua sekunde 56.6, ikafika kimo cha mita 271.4, na ilitua sentimita 37 tu kutoka mahali palipokusudiwa, ambayo ni chini ya dhiraa moja.

Lakini mita 271 si anga za juu, ambazo kwa kawaida huhesabiwa kuanzia kilomita 100, na kufika huko bado si kuizunguka dunia, kwa kuwa setilaiti ya karibu huhitaji kasi ya takriban kilomita 28,000 kwa saa. Ndiyo maana katika roketi za kazi hiyo karibu sehemu tisa kwa kumi za uzito huwa ni mafuta na oksijeni, hali katika hii ya Honda hata theluthi haikufika. Kampuni imejiwekea lengo la kuweza kufika anga za juu, bila kuizunguka dunia, ifikapo 2029, na inasema haijaamua kama itaifanya biashara.

Je, si Tesla ndiyo iliyotangulia katika jambo hili? Mwalimu, Watamu.

Hapana, Mwalimu. SpaceX, kampuni ya roketi, na Tesla, kampuni ya magari ya umeme, ni mbili tofauti ambazo Elon Musk anaziongoza. Ni SpaceX iliyotuliza ardhini hatua ya kwanza ya roketi yake ya Falcon 9, yaani kile kipande cha chini, Desemba 2015, na Machi 2017 ikarusha tena hatua kama hiyo iliyokwisha kutumika. Hatua ya pili ya roketi hiyo, kipande cha juu, mpaka leo hutumika mara moja tu.

Sisi wa Ngomeni tuna majukwaa ya Waitaliano ya kurushia roketi baharini. Kwani roketi za kurudi haziwezi kurushwa kwetu?

Kwa jiografia, dada yetu, mna bahati kuliko Taiki. Karibu na ikweta dunia huzunguka kwa takriban kilomita 1,670 kwa saa, na huko Hokkaido ni kama 1,230, kwa hiyo chombo kinachorushwa kuelekea mashariki kutoka kwenu huanza na zawadi ya kasi, tena mbele yake kuna bahari tupu. Ndiyo sababu Profesa Luigi Broglio wa Italia alipachagua, na kuanzia 1967 hadi 1988 roketi za Scout za Marekani zilirushwa hapo, mojawapo ikiibeba setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970. Scout zilitumia mafuta magumu, ambayo yakishawaka hayapunguzwi wala kuzimwa vilivyo, na kila kipande kiliishia kuteketea au baharini.

Kutua ni habari nyingine. Roketi ya kurudi huhitaji ama uwanja mpana wa nchi kavu ama chelezo kubwa baharini, na wewe unajua bahari ya Ungwana inavyokuwa wakati wa kusi. Huhitaji pia kiwanda cha oksijeni iliyogeuzwa kimiminika kilicho karibu, na eneo la bahari litakalofungwa kwa wavuvi kila siku ya safari. Serikali iliunda Shirika la Anga za Juu la Kenya mwaka 2017, na swali la wavuvi walipwe nini siku hizo lingefaa kupelekwa huko mapema, kabla mwekezaji yeyote hajaja.