Mgao wa figo sebuleni kwetu

Kikao cha kumtafutia figo kaka yetu anayeumwa kilianza baada ya swala ya alasiri, na mpaka chai inaletwa, figo ilikuwa imeshapatiwa mtu wa kuitoa. Mwenyekiti alikuwa Baba mdogo. Alituzungukia kwa macho mmoja mmoja. Kaka mkubwa ana kisukari, huyo nje. Dada anayemfuata ana presha, naye nje. Mimi nina mume na watoto wawili. Mdogo wangu wa kike ananyonyesha. Akabaki kitinda mimba wetu, miaka 23, hana mke, hana kazi ya kueleweka, na ada yake ya chuo ililipwa na huyo huyo kaka anayeumwa. "Damu nzito kuliko maji," Baba mdogo akasema, na sote tukamgeukia yule kijana. Akaitikia "sawa" huku anatazama zulia.

Hiyo ilikuwa 2021. Figo iliyomo tumboni mwa kaka yangu leo ni yangu mimi, si ya kitinda mimba, na namna mambo yalivyogeuka ndiyo ninayotaka kuisimulia. Kila wiki kuna mtu ananitumia ujumbe kuniuliza kama inauma. Inauma, ndiyo, nitafika huko. Lakini swali linalovunja familia ni hili: nani atoe, na nani ameamua kwamba ni yeye?

Zamani kidogo swali hilo liliishia India, kwa wenye uwezo wa kwenda. Tangu Muhimbili walipopandikiza figo kwa mara ya kwanza Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa pale Dodoma wakafuata 2018, limehamia sebuleni kwetu. Huku figo inatoka kwa ndugu aliye hai. Hakuna orodha ya kitaifa ya kusubiri kiungo cha marehemu, kwa hiyo daftari la mgao ni ukoo wenyewe.

Nilipokuwa nasubiri vipimo nilisoma sana jinsi wenzetu wanavyogawa. Marekani walitunga sheria 1984 ikaunda mtandao mmoja wa nchi nzima. Mtu akifariki na viungo vyake vikatolewa, kompyuta ndiyo inayopanga foleni: kundi la damu, kulingana kwa tishu, umesubiri muda gani, uko umbali gani na kiungo kilipo. Moyo ukishatolewa una kama saa nne hadi sita tu, kwa hiyo kwa moyo umbali unakata maneno. Figo ina subira zaidi, inaweza kukaa kwenye ubaridi siku nzima na ushee. Watoto wana kipaumbele chao. Na kuna jambo moja nililolipenda: mtu aliyewahi kutoa figo akiwa hai, siku figo yake iliyobaki ikifeli, anasogezwa mbele kwenye foleni. Baba mdogo hakunipa ahadi ya namna hiyo.

Usidhani lakini kwamba kompyuta ni malaika. Kwa miaka mingi hospitali za Marekani zilipima nguvu ya figo kwa kanuni iliyomwongezea mtu mweusi alama kwa sababu tu ni mweusi. Damu ile ile, kipimo kile kile, karatasi yake inasema figo zake zina nguvu kuliko za mzungu. Na kule muda wa kusubiri unaanza kuhesabiwa nguvu ya figo ikishuka hadi alama 20 kwenye kipimo hicho, au ukianza kusafishwa damu. Kwa hiyo watu weusi waliingia foleni wamechelewa, na hawakujua. Mwaka 2022 mtandao ule ulipiga marufuku kanuni hiyo, na 2023 hospitali zikaamriwa zipitie majalada na kuwarudishia watu muda wao. Zaidi ya watu 100,000 wako kwenye foleni ile, wengi wao wanasubiri figo. Miezi michache kwenye foleni hiyo si kitu kidogo.

Uzuri wao ni kwamba kanuni yao imeandikwa, na kilichoandikwa kinaweza kukamatwa. Ya kwetu haijaandikwa popote, ila kila mtu anaijua: atoe asiye na mke, atoe mwenye deni la fadhila, atoe yule ambaye hata akilazwa mwezi mzima duka halitafungwa. Na atoe mwanamke. Hili la mwisho si letu peke yetu. Duniani kote, kwenye figo zinazotolewa na watu walio hai, wanawake wanatoa zaidi kuliko wanaume. Najua wanaume wengi wanakutwa na presha au moyo, sawa. Ila nimekaa kwenye mabenchi ya kliniki ile ya kutosha kujua kwamba presha siyo jibu lote.

Turudi kwa kitinda mimba. Siku ya vipimo vya kwanza nilimsindikiza. Tulikuwa tumekaa kwenye korido, anakunjua na kukunja kile kikaratasi cha maabara mpaka maandishi yakaanza kufutika. Nikamwambia, "Mdogo wangu, kunja kingine." Hakucheka. Akasema kwa sauti ya chini, "Dada, mimi naogopa. Nikikataa nitaishi wapi?"

Sikuwa na jibu. Aliyekuwa nalo ni daktari. Alimwita ndani peke yake na kufunga mlango, akakaa naye kama nusu saa. Walipotoka, daktari akatuambia ndugu tuliokuwepo, "Huyu hafai kutoa. Tutafute mwingine." Kaka mkubwa akauliza kwa nini. Daktari akasema majibu ya anayepimwa ni ya anayepimwa, akaendelea na kazi zake. Baadaye nilielewa kwamba hakudanganya: asiyetaka, hafai. Ni utaratibu unaojulikana kwenye kazi hii, na unaokoa watu. Ukiwa umeteuliwa na kikao na moyo wako haupo, omba kuonana na daktari au ofisa ustawi wa jamii peke yako, bila shangazi, bila mume, bila aliyelipa nauli. Mwambie ukweli, kama mdogo wangu alivyoniambia mimi. Unaweza kubadili nia hata asubuhi ya upasuaji, umeshavaa gauni la kijani.

Na wewe mgonjwa, au mke wa mgonjwa, usimpigie huyo mtu simu usiku kumuuliza "kwani walikwambia nini?"

Mimi nilijitolea wiki mbili baadaye, na hapo ndipo nilipoumizwa. Nilitaka majibu yangu nikae nayo kwanza siku moja mbili, nizungumze na mume wangu ambaye tangu nimwambie alikuwa amenyamaza siku tatu. Badala yake mtu fulani wa kituo kimoja nilikopimiwa alimpigia kaka mkubwa, kwa sababu namba yake ndiyo iliyoandikwa juu ya jalada. Nikiwa kwenye daladala simu ikaanza kutetema: grupu la WhatsApp la ukoo, watu arobaini na kitu, "hongera dada", "Mungu akubariki", mikono ya maombi. Ningekataa saa ngapi? Bahati yangu nilikuwa nimeshakubali moyoni. Siku ya kwanza kabisa, kabla hata ya kutolewa damu, hakikisha jalada lako lina namba yako wewe, na mwambie anayeandika kwamba majibu yasipewe mtu mwingine.

Kuhusu kulingana, watu wanachanganya. Ndugu wa baba mmoja mama mmoja wana nafasi moja kati ya nne ya kufanana tishu kabisa, mbili kati ya nne ya kufanana nusu, na moja kati ya nne ya kutofanana hata kidogo. Mimi na kaka tulifanana nusu, na ikatosha. Mapacha wa kufanana ndio wenye raha: upandikizaji wa kwanza uliofanikiwa, Boston, Desemba 1954, chini ya daktari Joseph Murray, ulikuwa kati ya mapacha, na mwili wa mpokeaji haukuona mgeni. Sisi wengine tunategemea dawa za kuzuia mwili usiishambulie figo, na hizo ni za maisha. Kaka anameza saa moja asubuhi na saa moja usiku, kila siku, Idi na Krismasi. Alipunguziwa vitu vingi, ila kinachomkera ni balungi. Amekatazwa kabisa, kwa sababu linapandisha dawa mwilini kupita kiasi, na nyumbani kwake pana mbalungi unaozaa kama umetumwa.

Upasuaji sasa. Walinipasua ubavuni kushoto, kwa sababu figo ya kushoto ina mshipa mrefu zaidi na hivyo ni rahisi kuiunganisha. Siku mbili za kwanza kukohoa ni adhabu. Shika mto, ukumbatie ubavuni ndipo ukohoe. Nilifundishwa hivyo na mwanamke wa kitanda cha jirani, na hakuna ushauri niliopewa uliokuwa na thamani kuliko huo. Figo haikuwekwa mahali pa zile za zamani. Iliwekwa chini ya tumbo mbele, upande wa kulia, na zile mbovu zikaachwa zilipo. Kaka alikuwa na zaidi ya mwaka hajakojoa cha maana. Siku ya pili nilisukumwa kwa kiti cha magurudumu kwenda kumwona, nikakuta watu wazima watatu wamesimama wanautazama mfuko wa mkojo unavyojaa, kama watu wanaotazama mpira. Mkononi mwake ule mshipa walioutengeneza kwa ajili ya kusafishia damu ulikuwa bado unatetema ukigusa, kama nyuki kwenye kiberiti. Mara tatu kwa wiki, saa nne nne, ulikuwa umelishwa sindano nene.

Kitu ambacho kikao hakikujadili hata kwa dakika moja ni mshahara wangu. Pesa za mgonjwa zilichangwa, karatasi ikapita, kila mtu akaandika jina. Mimi nilikaa nyumbani wiki saba bila kipato na bila kubeba ndoo, na dada wa kazi alilipwa na mume wangu. Dai hilo lizungumzwe kabla hujapanda kitanda. Nauli zako, wiki zako, na kliniki yako ya kila mwaka ya presha na kreatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha figo inavyofanya kazi), nani analipa? Kumlipia anayetoa hasara yake si kununua figo. Kununua ni jambo jingine, na dalali akikufuata na bei, kimbia: India, ambako wengi wetu bado wanaenda, wamepiga marufuku biashara hiyo tangu 1994, na utadaiwa vyeti kuthibitisha undugu wenu.

Diklofenaki, ile dawa ya maumivu inayoweza kuumiza figo, nimeacha kabisa, hata mgongo ukiuma vipi. Presha yangu iko sawa.

Kitinda mimba ndiye anayemfuatia kaka dawa zake kila mwezi, hajawahi kukosa. Ukoo mzima unaamini tishu zake hazikufaa. Kabla ya kuandika haya nilimuuliza kama naweza kumtaja. Akasema, "Andika tu dada. Baba mdogo hasomi vitu vya mtandaoni."