Maswali Yenu: Mnaokwama Kuandika, Tazameni Mlipo

Barua za wiki hii karibu zote zina kilio kimoja: kalamu imekauka. Nimechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi. Anayeuliza mizani ni nini au riwaya ina sura ngapi atafute kitabu, maana safu hii haianzi na alifu.

Mwalimu, nina miezi sijaandika hata mstari. Ilhamu naipata wapi? – Manyatta, Kisumu

Swali hili huja kila wiki, na kila wiki mwulizaji huacha kunieleza jambo la kwanza ninalotaka kujua: anasoma nini? Hukutaja kitabu hata kimoja. Nenda maktaba, azima riwaya mbili za Kiswahili, zisome hadi ukurasa wa mwisho, kisha uniandikie tena.

Naandika riwaya ya mapenzi inayotokea Lamu. Nimekwama sura ya tatu. Lamu sijawahi kufika. – Kakamega

Umekwama kwa sababu hujui mhusika wako akitoka nyumbani anapita njia gani. Sura mbili za kwanza zilibebwa na minazi, buibui na harufu ya udi, vitu ulivyovikuta kwa waandishi wengine. Sura ya tatu inataka mtu afanye kazi, adaiwe kodi, agombane na jirani. Hapo ndipo ulipoishiwa.

Nimelisema hili na nitazidi kulisema, kwa kuwa linaniuma: waandishi wetu wa bara wamejiaminisha kwamba Kiswahili kizuri lazima kinuke chumvi. Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa wa karne ya 19, alitunga juu ya Mombasa aliyoijua: ugomvi wa Wamazrui, watawala wa Mombasa, na Seyyid Said, sultani wa Omani na Zanzibar, biashara, wapenzi, marafiki wasaliti. Ndiyo maana wanafasihi husema aliutoa ushairi msikitini akauleta sokoni. Wewe umeiga bahari yake ukaacha kuiga macho yake. Na Ken Walibora, mtu wa huku huku kwetu, katika *Siku Njema* ya 1996 alimtoa shujaa wake Tanga, pwani, akamfikisha Kitale, mji wa bara. Kitale ilimtosha.

Sasa wewe uko Kakamega, mahali ambapo dhahabu iligunduliwa mwaka 1931 na wageni wakamiminika kuitafuta. Mgodi wa Rosterman ulifungwa 1952, lakini hadi leo vijana wanashuka mashimoni Ikolomani, na akina mama wanaponda mawe na kuosha unga wake kutafuta chembe. Hamishia wapenzi wako huko. Kijana anashuka shimoni, msichana anaosha mchanga, na baba mwenye shamba anadai fungu lake. Sura ya tatu imekwisha kujiandika nusu. Nenda ukae nao, uulize kidogo, usikilize sana, uandike wanavyosema. Usishuke shimoni msimu wa mvua, maana mashimo yale huporomoka na yameua watu. Na ukiwaona wanashika kwa mikono mitupu zebaki ya kunasia dhahabu, liandike hilo pia. Ni sumu, na riwaya inaweza kulisema kwa namna ambayo mabango hayawezi.

Nikikwama, naiomba programu ya akili mnemba iniandikie aya ya kwanza, kisha naendelea mwenyewe. Kuna ubaya? – Bungoma

Upo. Aya ya kwanza ndiyo inayoipa hadithi sauti. Ukiazima sauti, utaendelea kuazima hadi mwisho.

Vina vinanikwamisha. Kila ubeti wa tarbia unanifia mshororo wa pili. – Ahero

Unatafuta vina kabla ya kujua unalotaka kusema. Andika kwanza ubeti wako kwa nathari, sentensi nne fupi, moja kwa kila mshororo. Kisha tunga kibwagizo, mshororo wa mwisho unaorudiwa, kabla ya mishororo mingine, ukichagua kina chenye maneno mengi. Halafu panda juu. Vilevile, nani alikuambia vina vifanane shairi zima? Tunga ukaraguni, vina vibadilike kila ubeti. Mtiririko, wa vina vilevile shairi zima, utausubiri hadi uwe na akiba ya msamiati. Inkisari, yaani kufupisha maneno, inaruhusiwa, lakini nimeona mashairi yenu ambayo maneno yamekatwa hadi hayatambuliki. Hilo si ushairi. Kama mafuriko ya mto Nyando huko kwenu yamekujaa kifuani na vina vinakataa, andika shairi huru. Jambo lenyewe lina uzito kuliko umbo.

Mimi ni muuguzi na nina watoto watatu. Nikitoka zamu ya usiku sina nguvu ya kuandika. – Nakuru

Dada, wewe hukukwama, umechoka, na dawa zake ni tofauti. Watu watakupigia mfano wa Anthony Trollope, mwandishi wa riwaya Mwingereza aliyefanya kazi idara ya posta, aliyeandika alfajiri kabla ya kwenda kazini, saa ikiwa mbele yake, maneno 250 kila robo saa. Hawatakwambia kwamba alikuwa na mtumishi aliyelipwa kumwamsha na kumletea kahawa. Wewe ndiwe unayewapikia wenzako uji. Mfano unaokufaa zaidi ni Shaaban Robert, aliyekuwa karani wa serikali Tanganyika huku akiandika.

Lala kwanza. Kisha tenga robo saa, daftari na kalamu, simu ikiwa chumba kingine. Acha kuandika pale unapojua linalofuata, ili kesho usianze na ukurasa mtupu. Hemingway, mwandishi wa riwaya Mmarekani, alifanya hivyo. Kama kuna baba nyumbani, robo saa hiyo awashike watoto, na asisifiwe kwa hilo. Na yale ya wodini, badilisha majina, kijiji na ugonjwa. Siri ya mgonjwa si yako kuitoa.

Tangu tumzike mama siwezi kutunga. – Siaya

Pole sana, ndugu yangu. Usijilazimishe shairi sasa. Andika tu methali zake, nyimbo alizoimba akipika, majina aliyokuwa akiwaitia wajukuu, kwa Dholuo au Kiswahili, lolote linalokuja. Hayo husahaulika upesi. Lakini ukiona hulali, huli, na hutaki kuonana na mtu, nenda hospitali uzungumze na daktari. Huku kwetu wanaume huona haya kufanya hivyo, na tumewazika wengi kwa sababu ya haya hiyo.

Niko kidato cha nne. Nikifungua karatasi ya insha, kichwa kinakuwa kitupu. – Maseno

Kimejazwa mistari ya kukariri, jogoo kuwika na jua kuchomoza, na swali likikataa kuipokea unaganda. Una saa moja na dakika 45 kwa insha mbili, ya kwanza ikiwa ya lazima. Tumia dakika tano za kila insha kuorodhesha hoja kwa maneno yako. Ukipewa methali, tafuta kisa kilichotokea kwenu kweli. Walimu wenzangu, acheni kuwagawia watoto orodha za misemo.

Nimekwama kwa sababu mchapishaji anataka nilipe kabla hajausoma muswada. – Mbale, Vihiga

Usilipe. Mpelekee mwingine, na uanze kitabu cha pili leo.