Kabla ya kutega wavu: ushauri kwa anayetaka kujifunza kuvisha ndege pete

Karibu kila anayeniuliza namna ya kuanza kazi ya kuvisha ndege pete, yaani kumfunga mguuni pete ndogo yenye namba ili atambulike akipatikana tena, huulizia kwanza wavu: uwe na urefu gani, utegwe wapi, saa ngapi. Mimi humjibu atafute kwanza mtu. Tafuta mwenye kibali anayeifanya kazi hii mara kwa mara, umwombe akupokee uwe mwanafunzi wake. Katika nchi nyingi kunasa ndege wa porini bila kibali ni kosa hata kama nia yako ni njema, na pete hutolewa na taasisi zinazotunza kumbukumbu za namba zake. Lakini hata sheria isingekuwepo, ningeshauri vivyo hivyo. Wapo ndege wasiofika gramu kumi, na hakuna video itakayokuonyesha kidole kikaze kiasi gani kwa kiumbe wa uzito huo. Hilo hufundishwa na mtu aliyesimama pembeni yako akiutazama mkono wako.

Mkufunzi wangu alinianzisha kwa ukarani. Yeye alitaja namba ya pete, aina ya ndege, umri, urefu wa bawa, akiba ya mafuta na uzito. Mimi niliandika, kisha nikamsomea namba kwa sauti aihakikishe. Usiidharau kazi hiyo. Mwaka 1899 huko Denmark, Hans Christian Cornelius Mortensen alianza kuvisha kwenzi pete za alumini zenye namba, na tangu hapo uwezo wote wa pete umekaa kwenye maandishi. Mbayuwayu aliyevishwa pete Uingereza mwaka 1911 alipatikana Natal, Afrika Kusini, mwishoni mwa 1912. Tarakimu moja ingekosewa daftarini, safari ile yote isingejulikana. Tena ukiwa karani unapata nafasi ya kutazama mikono ya mwalimu bila haraka, na macho yako hujifunza kabla ya vidole.

Zamu yako ya kushika ikifika, shingo ya ndege ikae kati ya kidole cha shahada na cha kati, mgongo ulale kwenye kiganja, mabawa yafunikwe, na vidole vilivyobaki vimzunguke bila kumbana. Ndege hana kiwambo cha kupumulia kama chetu. Anapumua kwa kusogeza mfupa wa kidari, kwa hiyo ukimkaza kifuani unamziba pumzi huku pua na mdomo viko wazi. Wanaoanza wote huogopa kwamba ndege ataponyoka, na woga huo ndio unaokaza vidole. Ondoa woga huo kabisa. Ndege akiponyoka, kilichopotea ni vipimo tu.

Kumtoa wavuni ndiko kugumu zaidi, na hapo nitakaa kidogo. Wavu wa kazi hii ni wa nyuzi nyembamba zisizoonekana vizuri penye kivuli, umetegwa kwenye nguzo mbili na kugawanywa kwa kamba za mlalo, ili nyuzi zilegee na kufanya mfuko chini ya kila kamba. Ndege hugonga wavu, huangukia mfukoni, kisha hupapatika. Swali la kwanza ni moja tu: aliingia upande gani? Usimguse mpaka ulipate jibu. Tazama tumbo na mkia, tafuta mahali ambapo hakuna uzi kati yako na mwili wake. Huo ndio mlango alioingilia na ndio utakaomtoa. Ni kama kufumua nywele zilizosukwa: unarudi kwa njia ile ile, ukianza na hatua yake ya mwisho.

Mara nyingi mimi huanza na miguu. Naishika juu, karibu na mwili, pale mfupa ulipo na nguvu, kamwe si kwa ncha. Nafungua vidole vilivyong'ang'ania nyuzi, halafu nashusha uzi kutoka bawa moja, la pili, na kichwa mwisho. Ndege akishatoka nusu, uzito wake mwenyewe hukusaidia ukimwacha aning'inie kidogo mkononi. Wapo ndege wanaokamata nyuzi kwa ulimi, kwa sababu ulimi wao una vijino vinavyoelekea nyuma. Hapo usivute kichwa, fungua mdomo taratibu uutelezeshe uzi kuelekea mbele. Dakika zikipita huoni unakoelekea, mwite mwenye uzoefu. Naye akishindwa, atakata uzi mmoja au miwili kwa mkasi mdogo. Wavu hushonwa.

Baada ya hapo ndege huingia kwenye mfuko safi wa kitambaa cha pamba, mmoja mfuko mmoja, na mifuko hutundikwa kivulini. Gizani humo wengi hutulia. Njiwa uwashike kwa uangalifu zaidi, maana hupukutisha manyoya wakishtuka. Ndege mbuai ni somo la peke yake. Kucha zao zidhibitiwe kabla ya jambo lingine lolote.

Pete ni rahisi ukishapewa saizi inayofaa aina ile. Lazima izunguke na kuteleza kwenye mguu bila kupita kifundo. Koleo maalumu lina matundu ya saizi mbalimbali. Ncha mbili za pete zikutane sawasawa, zisiachie mwanya wa kunasa uzi au jani wala kupandana zikamkwaruza mguu. Ipitishie ukucha uhakikishe. Soma namba ikiwa tayari mguuni.

Ninachowasisitizia wanafunzi wangu kuliko yote ni kuacha. Nyavu zikaguliwe kila baada ya dakika 20 hadi 30, na mapema zaidi jua likianza kuchoma. Mvua ikianza, funga. Upepo ukikaza, funga. Kundi kubwa likinasa kwa pamoja na watu wa kulitoa ni wachache, funga nyavu nyingine kwanza ndipo uanze kutoa. Ndege anayefumba macho, anayehema mdomo wazi au anayejivimbisha manyoya ameshachoka: achana na bawa, achana na mizani, mwache aende hata bila pete. Nimefanya kazi na watu hodari wa vipimo ambao hawakuliweza hilo, na sikuendelea nao.

Wa kushughulikiwa kwanza ni mwenye makinda. Mpulizie manyoya ya tumboni taratibu; ukikuta ngozi tupu, nyekundu, yenye mikunjo, huyo huenda anaatamia mayai au ana watoto wanaomsubiri. Mtangulize mbele ya mifuko yote, umrudishe karibu na pale alipokamatwa. Usimrushe hewani. Fungua kiganja karibu na ardhi au kichaka aondoke kwa nguvu zake. Mbaramwezi ndiye wa tofauti, kwa kuwa hunyanyuka chini kwa shida: huyo muinue juu mahali peupe, kiganja kikiwa wazi, umsubiri.