Kabla ya kutotolesha Brahma na Silkie, tafuta kwanza pa kuwapeleka majogoo

Mkuu, nimelisoma swali lako mara mbili. Una mitetea wanne wa Brahma (kuku wa aina kubwa), watatu wa Silkie (aina ndogo yenye manyoya laini) na machotara kadhaa wa mayai, wote banda moja na majogoo wawili, mmoja wa kila aina. Sasa Silkie mmoja ameanza kuatamia, nawe unataka umwekee mayai, ubaki na mitetea wachache na wengine uwagawie wafugaji wenzako. Unauliza uanze lini na uwatenganisheje.

Nafuga kuku wa aina mchanganyiko nyuma ya nyumba mwaka wa tisa sasa. Jibu langu ni kwamba mayai yaliyomo bandani leo usimwekee. Subiri kidogo, na huo muda wa kusubiri utumie kutafuta pa kuwapeleka majogoo.

Naanza na majogoo kwa sababu ndio walionitesa. Vifaranga karibu nusu huwa madume, lakini hiyo nusu ni ya hesabu kubwa. Kwenye mayai machache lolote linaweza kutokea. Mwaka wangu wa pili niliweka mayai 24, yakaanguliwa 17, na madume wakawa 11. Walikua pamoja kwa amani hadi umri wa miezi mitano hivi, kisha ikawa vita asubuhi hadi jioni. Mitetea wakanyonyoka migongo, mmoja akachanwa ubavu kwa kipi. Nilizungumza na kila mfugaji niliyemjua. Kila mmoja alikuwa na jogoo tayari, au alikuwa anatafuta pa kumpeleka wa kwake. Na hili si la kushangaza: jogoo mmoja anatosha mitetea 8 hadi 10, wa aina nyepesi hata zaidi, kwa hiyo mwenye banda dogo hana haja ya wa pili. Watatu nilipata wa kuwachukua, wanane nikawachinja. Kuchinja sikulaumu, ni uamuzi halali wa mfugaji. Kosa langu lilikuwa kutolifikiria mapema, hata nikalifanya kwa haraka wakati mitetea wameshaumia.

Tangu hapo siweki yai kabla ya kujua dume atakwenda wapi. Nikiwa na nafasi ya madume watatu, iwe ni mtu aliyeahidi kuchukua, banda la pembeni, au kisu, naweka mayai sita au saba, basi.

Kwa Silkie kuna ugumu mwingine. Kuku wa aina nyingi huanza kujitambulisha wiki ya sita hadi ya nane, undu wa dume ukiwa mwekundu na mkubwa kuliko wa jike, na kufikia wiki ya 12 unaona manyoya membamba yenye ncha karibu na mkia. Silkie anaweza kukuficha hadi mwezi wa nne au wa tano. Wengine utamjua siku anapowika au anapotaga. Ukimpa mtu "mtetea" wa Silkie wa miezi miwili, unampa bahati nasibu. Mwambie hivyo wazi, na mwambie pia kama utampokea akigeuka jogoo. Mimi huwapokea, lakini arudiye haingii kundini moja kwa moja, anakaa karantini kama mgeni yeyote, maana ameishi na kuku wa watu.

Kama lengo lako ni mitetea wa mayai tu wala si aina halisi, ipo njia ya kujua jinsia siku ya kuanguliwa. Chukua jogoo wa Rhode Island Red, mpandishe kwa mitetea wa Light Sussex. Vifaranga majike wanatoka na rangi ya kahawia nyekundu, madume wanatoka weupe wenye umanjano. Inawezekana kwa sababu kwa kuku kinasaba hicho cha rangi mama humrithisha mtoto wa kiume peke yake. Ukigeuza, jogoo akawa Sussex na mitetea Rhode Island Red, tofauti hiyo huipati. Na watoto wa machotara hao hawatarudia mpangilio huo, kwa hiyo usimpe mtu jogoo wao ukamwambia ni jogoo wa mbegu.

Sasa kutenganisha. Mtetea huhifadhi mbegu za jogoo mwilini, na anaweza kuendelea kutaga mayai yenye mbegu za jogoo wa zamani kwa wiki mbili, hata tatu, baada ya kutengwa naye. Mimi huhesabu wiki nne ndipo naanza kukusanya mayai ya kutotolesha. Ndiyo maana mayai yako ya leo hayafai: hujui baba wa yupi ni nani. Kwako naona na sababu ya pili. Jogoo wa Brahma anaweza kufika kilo tano, na mtetea wa Silkie hafiki hata nusu ya hapo. Anaweza kumvunja akimpanda. Tena baadhi ya Silkie wana fuvu lenye uvimbe wa mviringo chini ya kile kilemba cha manyoya, na hapo mfupa haukufunga vizuri. Akidonolewa kichwani na kuku mkubwa anaweza kupooza shingo, akawa anaipinda tu hadi afe. Nimempoteza mmoja kwa namna hiyo, na banda lilikuwa kubwa. Silkie wako watenge leo hii hata kama hutatotolesha kamwe.

Chotara wa aina hizi mbili utamtambua kirahisi. Manyoya laini kama sufi ya Silkie hayatokei mpaka kifaranga ayarithi kwa baba na mama, kwa hiyo chotara hutoka na manyoya ya kawaida, ila mara nyingi ana vidole vitano na manyoya miguuni. Ni kuku mzuri, analea vifaranga kwa upendo. Mwite chotara tu. Nimewahi kupewa jogoo "Silkie halisi wa rangi nyeupe" ambaye bibi yake, nilikuja kujua baadaye, alikuwa chotara, na nikatumia msimu mzima kutafuta kwa nini watoto wake wanatoka namna namna. Aliyenipa hakudanganya kwa nia mbaya, hakuwa ameandika kitu. Andika. Mimi nina daftari na pete za plastiki za rangi miguuni, rangi moja kwa kila mama. Kifaranga akikua badilisha pete kabla haijabana, kwa sababu ikibana inakata mguu hadi mfupa.

Nije kwenye lile linaloniuma zaidi. Miaka minne iliyopita nilichukua jogoo wa Wyandotte, mzuri kuliko kuku wote niliopata kuwafuga, mwenye afya, macho makavu, anakula. Mvua ilikuwa inanyesha, banda la karantini likivuja, nikamwingiza na wenzake usiku uleule. Siku ya 12 hivi mtetea mmoja akaanza kupiga chafya, na mapovu yakamtoka kwenye kona ya jicho. Baada ya wiki moja, nusu ya kundi walikuwa wanakoroma usiku. Daktari wa mifugo akachukua damu, majibu yakaja ni mycoplasma, bakteria wanaoshambulia njia ya hewa ya kuku. Jogoo yule alikuwa ameugua zamani akapona, na kuku aliyepona ugonjwa huu hubaki nao mwilini. Dawa hutuliza dalili, haiuondoi kabisa. Nilipoteza kuku tisa. Kilichonikosesha usingizi zaidi ni kwamba ugonjwa huo hupita ndani ya yai, na ndani ya wiki zile mbili nilikuwa nimewapa watu watatu mayai ya kutotolesha. Nikawapigia wote. Mmoja alikuwa ameshayaweka kwenye mashine na mabanda yake yalikuwa safi. Akayatoa siku hiyohiyo. Hakuna kuku wala yai lililotoka kwangu hadi kundi lile lilipokwisha na banda likakaa tupu.

Kwa hiyo karantini ni siku 30, mbali na banda kadiri uwanja unavyoruhusu, na vyombo vyake peke yake. Hudumia kundi lako kwanza, mgeni mwishoni, na viatu ubadilishe. Wiki ya kwanza mkague chini ya mbawa na kuzunguka mkundu kama ana chawa na utitiri, miguu kama magamba yamenyanyuka, kinyesi kama kina damu. Ukitoa kuku nawe mpe mtu historia yote: chanjo zipi, lini, na nani aliwahi kuugua. Kama amechanjwa Marek (ugonjwa wa virusi unaopooza kuku) siku ya kwanza, sema, ila jua kwamba chanjo hiyo humkinga asiugue, haimzuii kubeba virusi na kuvimwaga kwa vumbi la manyoya. Mwenye vifaranga wasiochanjwa anastahili kulijua hilo kabla ya kuchukua.

Usafirishaji sina mengi. Jioni, boksi lenye matundu, maranda chini, asipitishwe juani. Mpe na chakula alichozoea cha wiki moja ili achanganyiwe polepole. Mtetea akihama anaweza kuacha kutaga kwa wiki kadhaa, mwonye mchukuaji asimdhanie mgonjwa. Na usitoe kuku mmoja mmoja. Mgeni peke yake hupigwa na kundi zima, wawili waliokua pamoja hugawana ule uzito. Waonane kwanza kupitia wavu wiki moja au mbili ndipo wachanganywe.

Mchukuaji nawe muulize. Ana jogoo tayari? Mitetea wake wana ukubwa gani? Kichanja cha kulalia kiko juu kiasi gani? Brahma akiruka kila asubuhi kutoka juu huumia nyayo, zikavimba na kuweka usaha, kwa hiyo kichanja chake kisizidi sentimita 40. Silkie haruki, na manyoya yake hayazuii maji. Akinyeshewa hulowa hadi kwenye ngozi. Mwenye ua wa matope na banda lisilo na paa zuri nimemkatalia zaidi ya mara moja, na walikuwa watu wema.

Kwa kesho yako basi. Jogoo wa Brahma mweke na mitetea wake wanne, wa Silkie na watatu wake, machotara wabaki peke yao. Huyo anayeatamia, kama hutaki kumvunjia uatamiaji, tafuta kwa mfugaji unayemwamini mayai ya aina moja, yenye umri usiozidi siku saba, yatulie saa 24 ncha ikiwa chini baada ya safari. Mwili wake mdogo unafunika mayai matano au sita ya Brahma, usimzidishie. Siku 21, na siku tatu za mwisho usimguse. Wiki nne zikiisha utakuwa na mayai yako mwenyewe unayoyajua baba na mama, na Silkie wengine wawili hawatakawia kuatamia. Hadi hapo uliza watu wawili au watatu kama watachukua jogoo wa Brahma. Wakikubali wawili, weka mayai manne.