Benki ipi ya maswali uilipie ukisomea ubingwa wa tiba ya dharura

Madaktari wanaoanza ubingwa wa tiba ya dharura pale MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, Dar es Salaam, huniuliza sana: nilipie benki ipi ya maswali, yaani mkusanyiko wa maswali ya mazoezi mtandaoni? Majina wanakuja nayo tayari, Rosh Review na PEER. Ni nzuri zote mbili, lakini zimetungwa kwa mitihani ya bodi ya Marekani, ABEM. Wewe mtihani wako ni wa hapa: utaandika, kisha utasimama mbele ya watahini na kujieleza.

Kabla hujatoa hela, tumia siku za majaribio na ufungue mada unayoijua vizuri. Mimi hufungua sumu ya organofosfeti, maana wagonjwa wa dawa za kuulia wadudu tunawapokea sana. Swali lenyewe nalipita haraka, nasoma maelezo ya jibu. Je, yanasema atropini, dawa ya kupinga sumu hiyo, inaongezwa mpaka kifua kikauke na mgonjwa apumue vizuri, na kwamba usiache eti kwa kuwa mboni zimetanuka? Je, yanaeleza kwa nini kila jibu lililobaki ni kosa? Kama yanasema tu "jibu ni B", usilipie hata wiki moja.

Jambo linalonigusa zaidi ni watoto. Katika benki za Marekani, mtoto aliye kwenye shoki, yaani damu haizunguki vya kutosha, humiminiwa maji mshipani, mililita 20 kwa kila kilo, haraka. Lakini mwaka 2011 yalitoka matokeo ya FEAST, utafiti uliofanyika Kenya, Uganda na hapa kwetu Muheza, kwa watoto zaidi ya 3,100 wenye homa, hali mbaya na mzunguko hafifu wa damu. Waliomiminiwa maji kwa haraka walikufa zaidi: ndani ya saa 48, takriban 10.6 kwa mia, dhidi ya 7.3 kwa wasiomiminiwa. Wengi walikuwa na malaria, na wengi walikuwa na upungufu wa damu. Kwa hiyo jibu linaloleta alama kule linaweza kumuua mtoto huku. Hili si suala la mtihani peke yake.

Ndiyo maana nashauri ulipie benki moja tu, kwa miezi ya mwisho, uitumie kwa ECG (kipimo cha umeme wa moyo), picha za eksirei na majeraha, mambo yasiyobadilika sana kwa kuvuka bahari. Malaria, kuumwa na nyoka, pepopunda na selimundu, tungeni wenyewe kwa kufuata miongozo ya WHO na ya wizara. Kwa mfano: mtoto wa kilo 15 ana malaria kali, dozi ya kwanza ya artesuneti ni kiasi gani? Miligramu 45, kwa sababu chini ya kilo 20 ni miligramu 3 kwa kilo. Mtunzi hujifunza kuliko mjibuji.

Karatasi za miaka iliyopita waombeni kaka na dada waliotangulia. Na mkikuta jibu la benki linalopingana na mnayoyaona kitandani, lipelekeni kwa bingwa wakati wa kupokezana zamu, lijadiliwe mbele ya wote.